Duluti, Momella au Empakaai: uende ziwa lipi?

Arusha mtu akisema "twende ziwani" anaweza kuwa na maana ya sehemu tatu zisizofanana hata kidogo. Kuna Duluti pale Tengeru, kuna maziwa ya Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na kuna Empakaai, juu kabisa katika Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Yote ni madogo, yote yanalindwa kisheria, na yote ni kazi ya volkano. Kwenye picha za simu yanakaribiana: maji, kijani, mlima nyuma. Ukifika ndipo unagundua kwamba moja lilihitaji ndala tu, la pili gari, na la tatu mapafu.

Jambo linaloyatofautisha kuliko uzuri ni sheria ya kila eneo. Duluti ni msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Momella yamo ndani ya hifadhi ya taifa iliyo chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, ambako binadamu ni mgeni wa mchana na mnyama ndiye mwenye nyumba. Empakaai iko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, NCAA, eneo lililoanzishwa mwaka 1959 kwa mpango wa wanyamapori, wafugaji na mifugo yao kuishi pamoja. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utatembea, utakaa ndani ya gari au utaongozana na askari mwenye bunduki. Pia ndiyo inayoamua utalipa mara ngapi.

Vigezo vilivyotumika hapa ni sita: njia na chombo cha usafiri, maji yenyewe na viumbe vyake, unachoruhusiwa kufanya, malipo, majira, na mambo yanayoharibu safari.

Njia na gari

Duluti ni rahisi mno. Ni kama kilomita 15 kutoka katikati ya jiji, kando ya barabara kuu ya Moshi. Panda daladala ya Tengeru au ya Usa River, shuka Tengeru, kisha tembea au chukua bodaboda kwa kipande kifupi cha barabara ya vumbi hadi getini. Gari dogo la kawaida linafika bila shida. Kasoro ni siku za gulio la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, ambapo magari, mikokoteni na mikungu ya ndizi hubana njia panda. Siku hizo pita mapema, au ligeuze gulio kuwa sehemu ya safari.

Kwenda Momella unaendelea na barabara ya Moshi, unapita Usa River, unakata kushoto kuelekea Mlima Meru hadi geti la Ngongongare. Maziwa yenyewe yako mbele zaidi, upande wa geti la Momella. Barabara ya kwenda Ngarenanyuki inapita ndani ya hifadhi, kwa hiyo yapo magari ya abiria yanayokatiza humo, lakini hayo hayakufikishi ziwani wala hayaruhusiwi kuzurura. Unahitaji gari lako au la kukodi. Kiangazi, Noah yenye matairi mazuri inamudu barabara kuu za ndani. Mvua zikishaanza, tafuta gari la magurudumu manne, hasa kama unataka kupanda pia hadi ukingo wa kreta ya Ngurdoto.

Empakaai ni safari ya aina nyingine. Lami inakuchukua kutoka Arusha hadi Makuyuni, unakata kulia, unapita Mto wa Mbu na Karatu hadi geti la Loduare. Hapo lami inaisha. Unapanda hadi ukingo wa kreta kubwa ya Ngorongoro, unaufuata upande wa mashariki, unateremka Nainokanoka, unapita Bulati, ndipo ufike. Kutoka Loduare peke yake weka saa tatu, na usiziite nyingi. Gari liwe la magurudumu manne, lenye tairi la akiba lililojazwa upepo na mafuta ya kwenda na kurudi, kwa sababu ukishaiacha Karatu usitegemee kituo cha mafuta. Wapo wanaojaribu kwenda na kurudi Arusha siku hiyohiyo. Wengi wao huliona ziwa kutoka juu kwa dakika kumi, kisha wanaanza kukimbizana na saa ya kufunga geti. Lala Karatu, au kwenye kambi ya ukingoni.

Maji yenyewe

Duluti ni ziwa la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ndani ya kreta ndogo, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,290, lenye eneo linalozidi kidogo nusu kilomita ya mraba. Utasikia kwamba halina mwisho, au kwamba lina kina cha mita 700. Vipimo vya watafiti vinasema kina chake kirefu ni kama mita tisa. Hadithi ya mita 700 ni tamu na wasimuliaji hawataiacha, lakini usiitumie kumtisha mtoto. Kuna perege, kuna kenge wanaoota jua juu ya magogo, na ndege wa maji baridi: mnandi, mdiria, tai mla samaki. Msitu unaolizunguka ni kipande kidogo kilichobaki katikati ya mashamba ya kahawa, migomba na nyumba, na kima wamo. Mnyama wa kukutoa mbio hayumo.

Momella ni kundi la maziwa. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka, tope na mawe vikamwagika hadi mbali. Vilima vidogo unavyoviona pale ni mabaki ya mporomoko huo, na mabonde katikati yake ndiyo yaliyojaa maji. Maji mengi huingia kwa chini ya ardhi, yakiwa yamebeba magadi na floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano. Kwa kuwa hayana pa kutokea, jua huyakausha na chumvi hubaki. Kila ziwa lina kiwango chake cha chumvi na mwani wake, ndiyo sababu unaweza kusimama mahali pamoja ukaona ziwa moja la kijani kibichi na jirani yake la bluu. Simama ukingoni, pale inaporuhusiwa, utazame chini: kuna mstari mweupe wa magadi juu ya nyasi, povu kidogo, na harufu inayokaa kwenye viatu. Floraidi hiyohiyo, kwa kiwango kidogo zaidi, ndiyo inayoyatia meno ya watu wengi wa miteremko ya Meru rangi ya kahawia.

Wanyama wa Momella hawaji kunywa kila ziwa. Wengi hutafuta vijito vitamu, wakaja ziwani kwa majani na uwazi. Utaona twiga kwa wingi, nyati, kuro, pundamilia, ngiri, na mbega weusi kwa weupe kwenye msitu ulio njiani. Viboko wapo Momella Ndogo. Simba usimtafute, hii si hifadhi yake.

Empakaai ni kreta yenye upana wa kilomita sita hivi, na ziwa linachukua karibu nusu ya sakafu yake. Nalo ni la magadi, lakini ni refu kwenda chini kupita ilivyo kawaida ya maziwa ya magadi ya ukanda huu: karibu mita 80. Kuta zimefunikwa na msitu wa milimani, miti imeota ndevu za kijivu, na mchana ukungu huingia na kutoka kama unavyotaka wenyewe. Upande wa mashariki ukingo unafika mita 3,200. Siku ya wazi, kutoka juu unaona Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu kwa Wamaasai, na nyuma yake bonde la Natron.

Sasa heroe, yaani flamingo, maana ndio wanaowavuta wengi. Heroe wadogo hula mwani wa maji ya magadi, wakiuchuja kwa mdomo uliopinda. Mvua kubwa ikiongeza maji matamu, magadi hupungua, mwani hupungua, nao huruka kwenda ziwa jingine. Kuzaliana huenda Natron. Kwa hiyo anayekuahidi "heroe elfu kumi" Momella au Empakaai kwa tarehe fulani anakuuzia bahati. Duluti hawapo, kwa kuwa maji yake ni matamu. Kama heroe ndio sababu yako pekee ya kusafiri, piga simu kwa waongoza watalii wa eneo wiki hiyohiyo, uulize wameonekana ziwa lipi.

Unachoruhusiwa kufanya

Duluti unatembea. Njia ya kulizunguka ziwa inachukua saa moja hadi moja na nusu kwa mwendo wa mazungumzo. Kuna mizizi, kuna matope baada ya mvua, na sehemu chache njia inabana kati ya mteremko na maji, kwa hiyo mshike mtoto mkono. Mitumbwi ya kasia hukodishwa pamoja na mwongozaji. Dai jaketi la kuokolea linalofungwa vizuri kifuani; likipanda hadi masikioni ukilivuta mabegani, ni kubwa kwako, badilisha. Asubuhi maji yametulia, mchana upepo huja. Kuogelea acha: ukingo unazama ghafla, kuna matete, na maji baridi yaliyotuama yana hatari ya kichocho.

Momella, utaratibu wa kawaida ni gari. Unashuka kwenye maeneo yaliyotengwa tu, ya kutazamia na ya pikiniki. Nyati aliyelala kwenye majani marefu haonekani hata ukiwa hatua ishirini, na hilo peke yake linatosha kueleza sheria hiyo. Lakini kuna njia mbili za kutoka kwenye gari. Ya kwanza ni safari ya miguu pamoja na askari wa hifadhi mwenye silaha, kuanzia geti la Momella. Wengi huenda hadi maporomoko ya Tululusia, wakipita uwanda ambako twiga na nyati wanalisha mkiwatazama kwa usawa wa macho. Ya pili ni mtumbwi Momella Ndogo, kwa kampuni iliyopewa kibali, kwa saa mbili hivi. Mtaambiwa msikate njia ya kiboko kati yake na maji marefu. Hili lifuateni neno kwa neno, kwa sababu kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi kilindini hapigi honi.

Empakaai, kushuka ni kwa miguu na lazima uwe na askari. Kwa kawaida anachukuliwa kituo cha Nainokanoka, kwa hiyo mpange kabla, mwachie nafasi kwenye gari, na usifike huko saa sita mchana ukitegemea kumkuta mtu amekaa anakusubiri. Njia inateremka kwa mwinamo mkali ndani ya msitu. Kushuka ni dakika 40 hadi saa moja, kupanda saa moja hadi moja na nusu kwa mtu mwenye afya ya kawaida. Kiangazi vumbi la volkano huteleza kama unga chini ya soli, na masika huwa utelezi wa tope. Fimbo inasaidia kuliko viatu vya bei kubwa. Chini unatoka msituni ghafla ukakuta ufukwe wazi na ziwa mbele yako. Nusu saa pale inatosha, halafu anza kupanda kabla ya jua kali. Ukiwa umezoea mwinuko wa Dar au Mombasa, pumzi itakukumbusha kwamba uko zaidi ya mita 2,000. Nenda polepole tangu hatua ya kwanza, usisubiri mpaka kichwa kigonge.

Malipo

Viwango hubadilika, hivyo tarakimu utazipata kwenye tovuti ya taasisi husika au kwa simu kabla ya kutoka. Muundo wake ndio wa kuuelewa.

Duluti ni kiingilio, mwongozaji, na mtumbwi ukiutaka. Ndilo la bei ya chini kuliko yote, na mtu mmoja anaweza kwenda bila kutafuta wa kugawana naye gharama.

Momella unalipa kiingilio cha kila mtu, cha gari, halafu kila shughuli peke yake: kutembea na askari ni malipo yake, mtumbwi ni malipo ya hifadhi na pia ya kampuni. Raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao kwa shilingi, mradi waonyeshe kitambulisho. Bila hicho karani hana budi kukuhesabu mgeni. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi. Anayekuja na gari la namba za Kenya au Uganda ajue kwamba gari la namba za nje lina kiwango chake, tena kikubwa. Mara nyingi inafaa kuliacha Arusha na kukodi la Tanzania.

Empakaai ndiyo inayokula mfuko: kiingilio cha Ngorongoro, gari, askari wa kutembea naye, kambi kama mnalala ukingoni, na juu yake mafuta au ukodishaji wa gari kwa siku mbili. Omba mchanganuo wa kila kipengele kwa maandishi. Kampuni nyingi hutoa bei ya jumla, na ndani yake utakuta ada ya kushuka kreta kubwa ya Ngorongoro hata kama hamshuki huko.

TANAPA na NCAA hulipwa kwa kontroo namba, yaani namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, kupitia simu au benki. Fedha taslimu getini hazikusaidii. Itoe namba hiyo siku moja kabla, lipa, hifadhi ujumbe wa uthibitisho. Mtandao getini ukigoma, ujumbe huo ndio utakaokuokoa.

Majira

Juni hadi Oktoba ni kiangazi na njia zote tatu zinapitika, ila Juni hadi Agosti ni baridi, na mawingu hukaa juu ya Meru na nyanda za Ngorongoro hadi karibu saa nne asubuhi. Januari na Februari kuna anga safi kwa anayetaka kuiona Kilimanjaro kutoka Momella. Wahi alfajiri, kabla mawingu hayajaifunika. Masika, Machi hadi Mei, Duluti bado inawezekana, Momella inahitaji dereva mzoefu, na Empakaai ni bora uiache. Udongo wa Nainokanoka ukilowa hushika tairi hadi gari linateleza ovyo. Usiku wa ukingoni Empakaai, hata Desemba, unahitaji koti zito na mfuko wa kulalia wa baridi kali.

Mambo yanayoharibu safari

Duluti ni kelele. Mwisho wa wiki watu ni wengi, muziki unawekwa, ndege wanahama upande wa pili. Nenda siku ya kazi, saa moja asubuhi.

Momella ni haraka. Watu huingia saa tano, wanalizunguka ziwa moja, wanapiga picha twiga, wanatoka saa nane wakilalamika kwamba hapakuwa na kitu. Ingia geti linapofunguliwa saa kumi na mbili, anza na maziwa wakati mwanga bado uko chini, msitu na Ngurdoto viwe baadaye. Ngurdoto kwenyewe unaishia ukingoni. Chini hakuna anayeshuka.

Empakaai ni hesabu mbovu ya muda, maji ya kunywa machache, na viatu vipya. Lita mbili hadi tatu kwa kila mtu. Kucha za miguu zikatwe, la sivyo mteremko utazikata wenyewe. Takataka zote zirudi juu na wewe. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, na droni haruki nayo mtu bila kibali.

Chagua kwa hali yako

Una nusu siku, huna gari, au uko na wazee na watoto wadogo: Duluti. Mzee asiyeweza kuzunguka anakaa karibu na geti akiangalia maji, wengine wanatembea, na saa saba mko nyumbani.

Una siku nzima na gari, na watoto wanataka twiga kuliko maelezo: Momella. Kama kuna mtu kwenye kundi anayeogopa kutembea porini, gari linatosha. Asiyeogopa achukue safari ya miguu asubuhi na wakutane pikiniki. Kundi la wanafunzi nalo litafaidi hapa, kwa sababu somo la maji ya magadi, mporomoko wa mlima na chakula cha heroe linaonekana kwa macho katika eneo moja.

Una siku mbili, miguu na mapafu yako salama, na umeshachoka msururu wa magari kwenye kreta kubwa: Empakaai. Nenda watu wanne kwa gari moja, gharama inagawanyika. Mwenye shida ya magoti, mjamzito, au mwenye pumu isiyodhibitiwa abaki ukingoni. Mandhari ya kutoka juu peke yake haihalalishi safari yote hiyo, kwa hiyo kama nusu ya kundi itabaki juu, badilisheni mpango.

Mnatoka Nairobi kupitia Namanga kwa Jumamosi na Jumapili tu: Duluti Jumamosi jioni, mlale Usa River, Momella alfajiri ya Jumapili, na saa nane mchana mwanze kurudi. Empakaai iwekeeni wikendi ndefu ya sikukuu.

Na kama shabaha ni ndege, gawanya: wa maji baridi na msitu mdogo Duluti, wa maji ya magadi Momella, wa msitu wa milimani Empakaai. Darubini ya 8×42 inatosha kwa yote matatu; Momella ongeza darubini kubwa ya kusimamisha kwenye stendi ya miguu mitatu kama unayo, kwa sababu heroe hukaa katikati ya ziwa na barabara haisogei.